Tundu la Kuzaliwa Nalo

Gari langu ni Selika nyekundu, milango miwili,
usukani kulia, kama yote yaliyovuka bahari kutoka Japani
yakaishia kwenye matope ya Bukavu.
Watu hucheka: gari la mbio, barabara ya viraka!
Wacheke. Mtu hununua alichokiota,
kisha hujifunza kukishusha mlimani.

Maana hapa kwetu kazi si kwenda, kazi ni kushuka.
Toka Karhale hadi Nyawera mguu hauachi freni,
na siku ile, nyuma ya lori la bia,
pedali ilizama laini kama ndizi iliyopitiliza,
harufu ya plaketi ikaingia dirishani,
nami nikataja majina ya wanangu watatu
kwa mpangilio wa kuzaliwa.
Lori likasimama. Nikasimama. Kati yetu
pangepita kitabu, tena si kinene.

Zihalirwa hakunipa pole.
Alifungua gurudumu, akapitisha ukucha kwenye diski:
"Umelima matuta humu. Unapanda nini?"

Nikamwambia nataka zenye matundu.
Nimeziona kwa kijana mmoja wa Muhumba,
zinang'aa nyuma ya rimu kama chujio jipya la chai.
Akacheka kwa pua. "Matundu ya aina gani?"

Sikujua kwamba matundu yana aina.

Akaleta mbili, akazilaza juu ya gunia.
"Hii ilisubiwa nzima, halafu akaja mtu na keekee.
Kila tundu hapa ni kidonda. Ipashe moto, ipoze, ipashe, ipoze,
kidonda kitamtafuta jirani yake,
watashikana mikono, na huo ndio ufa.
Hii nyingine ilizaliwa na matundu yake.
Chuma kingali uji kilikwisha kujua
mahali pa kutokuwepo.
Haikunyang'anywa kitu. Haina kinyongo."

Bei yake ilikuwa mara mbili na nusu.
Nikakumbuka ada ya shule, nikakumbuka bati la jikoni,
nikauliza kama ile ya keekee haimtoshi mtu mpole,
asiyeshindana na yeyote ila kilima.
Hakujibu. Alichukua spana ya kumi na tisa,
akaining'iniza ile ghali kidoleni, akagonga:
ikaimba, kengele ya parokia ndogo.
Akavuta kutoka chini ya meza moja ya keekee,
iliyotumika msimu mmoja tu wa mvua, akagonga:
ikakohoa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ufa wa diski hauzibwi,
na ukuta hutaujenga wewe; utaukuta,
chini ya mteremko, umejengwa na mwingine.

Alfajiri ya kwanza alikaa kando yangu, kofia magotini,
akanifundisha kuzizoesha:
kamata, achia kabla halijasimama,
kamata tena, achia, acha upepo wa ziwa upite.
"Usizibembeleze. Usizitishe."

Hakunificha kwamba matundu hula udongo.
Kila Jumamosi nachuchumaa na spoku ya baiskeli,
nazibua moja moja, nyuma ya rimu, shavu likigusa tairi.
Nsimire hupita na beseni, huuliza
kama nimefika fumbo la tatu la rozari.
Humjibu: la pili.

Jana, kwenye kona ya Nguba, mvua ikinyesha,
mama mwenye trei za mayai alikatiza bila kutazama.
Niligusa tu.
Gari likainama mbele kama mtu anayesalimu ukweni.
Mama hata hakugeuka.
Hakuna aliyepiga kelele, hakuna kilichotokea,
na hicho ndicho nilichokinunua
kwa dola mia mbili na arobaini,
thelathini zikiwa deni
ambalo Zihalirwa hulitaja hata msibani.